Mpala, Mahali pa Kupumzikia Wasafiri

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni akiingia nyumbani, baraka huingia pamoja naye: kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hupata kula nyama. Tangu utoto wangu niliisadiki mithali hiyo bila kuuliza neno. Lakini katika kiangazi kilichopita nililazimika kuuliza: Je, kila mgeni humponya mwenyeji wake? Nataka kuwasimulia jinsi swali hilo lilivyonishika, na jinsi lilivyonitoa Kirungu peke yangu, juu ya kinga yangu, mpaka Mpala kando ya ziwa Tanganyika. Tena nitawasimulia habari za kale za mahali pale, kwa kuwa ndipo misioni ya sehemu zetu ilipopata mizizi.

I. Swali la kijana

Kazi yangu ni kufundisha dini. Siku moja nilikuwa na vijana wanaojitayarisha kupokea kipaimara, nikawaeleza jinsi Mapadri Weupe walivyofika Mpala katika mwaka wa 1885. Nilikuwa nasema vizuri, nami nilijipendeza kidogo kwa maneno yangu. Ndipo kijana mmoja akainuka, mtoto wa akili na mwenye adabu. Akasema: «Mwalimu, unisamehe. Nimesoma katika simu kwamba boma la Mpala lilijengwa na mzungu mmoja, na watu wake walikata kichwa cha sultani Lusinga, naye akakipeleka kwao Ulaya. Halafu Wapadri wakaingia katika boma lile lile. Ni kweli, mwalimu?»

Wote wakanitazama. Nami nikajibu: «Keti, tutaongea siku nyingine.»

Ndugu zangu, usiku ule sikulala vema. Jambo lenyewe nililijua, kwa kuwa katika seminari tulilisikia kidogo, kama vile mtu anavyosikia habari ya deni la baba yake. Lakini sikuwa nimelitazama usoni. Na mwalimu anayemwambia mwanafunzi aketi kwa sababu yeye mwenyewe hana jibu, huyo amemfundisha neno moja tu: kwamba ukweli unaogopwa katika nyumba ya Mungu. Basi nikamwomba Padri mkubwa wa parokia ruhusa ya siku nane. Nikasema, nitakwenda Mpala. Nitasoma vitabu tena, ndiyo, lakini kwanza nitatazama mahali penyewe kwa macho yangu.

II. Njiani

Siku hizi watu wa kwetu husafiri kwa piki-piki, au kwa mtumbwi wenye mashini. Piki-piki inataka mafuta, na mafuta yanataka pesa. Mimi nina kinga ya chuma iliyokuwa mali ya baba yangu. Nikafunga nyuma yake blanketi, unga wa bukari, samaki wakavu wachache, pompi, viraka na gundi, rozari yangu, na daftari moja. Mke wangu aliniuliza: «Unakwenda na nani?» Nikamjibu: «Na malaika mlinzi.» Akasema: «Basi umwambie akusaidie kusukuma.» Alisema kweli.

Wanaopajua Kirungu wanajua kwamba misioni iko juu, na bandari ya Moba iko chini kando ya maji. Kufuata upande wa kaskazini kuelekea Mpala ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Upande wa kuume unaliona ziwa, kisha linafichwa na kilima, kisha unaliona tena. Upande wa kushoto ni milima inayoendelea mpaka nchi ya juu ya Marungu. Wakati wa kiangazi majani yamechomwa moto, ardhi ni nyeusi, vumbi linaingia mpaka katika meno. Penye mteremko nilishuka juu ya kinga kwa sababu ya mawe. Penye mlima nilishuka tena kwa sababu ya pumzi. Basi naweza kusema kwamba kinga yangu na mimi tulitembea pamoja, kila mmoja kwa miguu yake.

Siku ya kwanza, toka jua kuchomoza mpaka saa sita, sikukutana na mtu hata mmoja. Msafiri wa peke yake huanza kusema na nafsi yake, na nafsi haisemi daima maneno mazuri. Nilikumbuka vita ya Watwa na Waluba katika jimbo letu la Tanganyika, tangu mwaka wa 2013 na miaka iliyofuata, jinsi vijiji vilivyochomwa na maelfu ya watu walivyokimbia. Nilipoona nyumba isiyo na paa, sikujua kama ni mvua iliyoiangusha au ni watu. Nikashika rozari kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili, na kwa sababu hiyo nikaanguka. Mungu hapendi uvivu hata katika sala.

Karibu na jioni mpira wa nyuma ukapasuka, na gundi yangu ilikuwa imekauka katika kikopo. Nikasukuma mpaka nilipoona moshi. Palikuwa nyumba tatu, na mama mmoja mzee amekaa mbele ya jiko. Nikabisha hodi kwa mbali. Akasema: «Karibu, baba. Uko peke yako? Hakuna mwenzako?» Nikasema niko peke yangu. Hakuniuliza jina langu, wala kabila langu, wala dini yangu. Alinipa kwanza maji ya kunywa, kisha maji ya kunawa, kisha viazi vitamu vya moto. Nilipokwisha kula ndipo aliponiuliza: «Sasa, mwanangu, wewe ni nani?»

Usiku ule nililala jikoni kwake, nikamkumbuka nabii Eliya. Naye alisafiri peke yake jangwani, akachoka hata akataka kufa, akalala chini ya mti. Malaika akamwamsha mara mbili, akamwonyesha mkate na maji, akamwambia kwamba safari iliyobaki ni ndefu kupita nguvu zake. Hakumkemea kwanza, hakumhubiri kwanza. Alimpa chakula. Asubuhi mjukuu wa yule mama alifunga mpira wangu kwa ukanda wa mpira wa zamani, kwa ufundi nisioujua mimi, nikaendelea. Nilitaka kumlipa, mama akakataa. Nikamwachia chumvi, akapokea.

III. Mpala

Alasiri ya siku ya pili nilishuka Mpala. Pale mto Lufuko unaingia katika ziwa, na nchi inapanuka kidogo kati ya maji na milima. Nchi ile wenyeji huiita Lubanda. Niliacha kinga juu ya mchanga, nikaingia majini na nguo zangu. Nisiwafiche: nililia kidogo, kwa furaha ya maji baridi tu.

Nilipokewa na katekista mmoja mzee aliyepumzika kazi, pamoja na mke wake. Muda wa siku tatu sikufanya jambo kubwa. Nililala mchana. Nilikaa chini ya mwembe nikitazama akina mama wakianika ndakala juu ya mchanga, na mitumbwi ikirudi asubuhi na taa zake zimezimika. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, na kina chake kinapita meta 1.400: katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina. Lakini asubuhi pale Mpala ni kimya kama maji ya bakuli. Nilielewa kwa nini wasafiri wa kale walipatafuta mahali pale. Siku ya tatu mzee alinitolea jembe, akacheka, akasema: «Mwalimu, unaijua mithali.» Naam, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukalima pamoja shamba lake la mihogo, na wakati wa kulima ndipo tulipoongea maneno ya kweli.

Sasa nitawapa habari za kale, kama nilivyozipanga katika daftari yangu kule Mpala na kuzilinganisha na vitabu baada ya kurudi.

IV. Wageni wa kwanza

Katika mwezi wa Februari 1869, miaka kumi na minne kabla ya kujengwa kwa boma lo lote, palifika penye mlango wa Lufuko mgeni mmoja mgonjwa sana, amebebwa juu ya kitanda. Alikuwa David Livingstone. Mapafu yake yalikuwa mabovu, na watu wake wengi walikuwa wamemwacha. Katika kitabu chake cha kila siku aliandika tarehe 14 Februari kwamba amefika Tanganyika, akaandika jina la mahali kwa masikio ya kizungu: «Parra», na jina la mto: «Lofuko». Alikaa pale siku kumi na mbili akingojea mtumbwi, kisha akavushwa, akafika Ujiji tarehe 14 Machi.

Nani walimbeba? Ilikuwa karavani ya Waarabu, wafanya biashara ya pembe na ya watumwa. Livingstone aliichukia biashara ile kwa moyo wake wote, na maandiko yake juu ya ubaya wake yaliiamsha Ulaya. Lakini katika ugonjwa wake aliishi kwa huruma ya watu walioifanya. Hivyo mgeni wa kwanza wa Mpala tunayejua jina lake katika maandiko ya Wazungu alipumzika kwa msaada wa watu aliowahukumu. Mzee mwenzangu alipolisikia neno hili aliegemea jembe, akasema: «Njia haimchagulii mtu wenzake.»

V. Bwana Boma

Katika mwezi wa Septemba 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wataalamu wa nchi mbalimbali katika mji wa Bruxelles. Wakaunda Shirika la Kimataifa la Afrika. Shirika hilo lilisema kwamba litajenga vituo katika Afrika ya kati, toka bahari mpaka maziwa. Kazi ya vituo ilikuwa nini? Walisema: kuwapokea wasafiri, kuwapa mahali pa kupumzika na vyakula, kuchunguza elimu ya nchi, na kuizuia biashara ya watumwa. Angalieni vema, wasomaji. Kwa maneno yao wenyewe, kituo kilikuwa nyumba ya wageni.

Kituo cha kwanza kando ya Tanganyika kilijengwa Karema, ng'ambo ya mashariki, katika mwaka wa 1879. Mwaka wa 1882 akafika huko ofisa Mbelgiji, Émile Storms. Yeye alivuka ziwa, na tarehe 4 Mei 1883 akaanza kituo penye mlango wa Lufuko. Sultani wa mahali aliitwa Mpala, na kituo kikapata jina lake. Sultani Mpala alimpa Storms nafasi ya kujenga, nao wakafanya undugu wa damu. Kwa Watabwa, undugu wa damu si mchezo: aliyechanjana nawe ni ndugu yako, na adui yake ni adui yako. Mwenyeji alikuwa amefungua mlango.

Lakini jengo lililosimama halikufanana na nyumba ya wageni. Lilikuwa ngome yenye kuta nene, na watu wakampa Storms jina la Bwana Boma. Akaanza kuwashurutisha masultani wa jirani wamtii. Katika milima alikuwako Lusinga. Tuseme kweli pande zote mbili: Lusinga hakuwa mtu mpole. Alikuwa na bunduki, alishambulia vijiji, aliuza watu, na majirani wengi walimwogopa. Lakini alikuwa sultani katika nchi yake, na Storms alikuwa mgeni wa mwaka mmoja na nusu. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms wenye bunduki walikishambulia kijiji cha Lusinga. Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa na kuletwa kwa Bwana Boma. Wengine walikufa, wengine walitekwa. Sanamu ya mti ya wazee wa Lusinga nayo ilichukuliwa. Storms aliporudi Ulaya alivichukua vyote viwili, kichwa na sanamu. Baada ya kufa kwake vitu hivyo viliingia katika majumba ya elimu ya Ubelgiji. Sanamu inajulikana sana katika jumba la Tervuren. Kichwa kiliwekwa katika sanduku, na katika mwaka wa 2018, gazeti moja la Ubelgiji lilipoandika habari yake, kilikuwa bado Bruxelles katika jumba la elimu ya viumbe. Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, iliyosimama katika uwanja mmoja wa mji ule, iliondolewa.

Kwa hiyo kijana wangu alisema kweli. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya kuwapumzisha wasafiri kilimwaga damu ya wenyeji kabla hakijatimiza miaka miwili.

VI. Wapadri na Kapiteni Joubert

Mapadri Weupe waliundwa na Kardinali Lavigerie kule Algeria katika mwaka wa 1868. Walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka wa 1879, wakaanza kutafuta mahali pa kukaa pande zote mbili za ziwa. Katika mwaka wa 1885, baada ya mkutano wa Berlin, mfalme Leopold alitaka nguvu zake zote ziende upande wa magharibi, penye mto Kongo. Akawaachia Wapadri vituo vya Karema na Mpala. Katika mwezi wa Julai 1885 Wapadri wakaingia Mpala, na Storms akarudi kwao.

Walipokea nini? Walipokea kuta, bunduki, askari, na watu wa vijiji vya jirani waliozoea kumtii mwenye boma. Kabla hawajafundisha hata Ishara ya Msalaba, Wapadri walikuwa wamekwisha kuwa watawala. Hawakumwua Lusinga. Lakini waliketi katika kiti kilichotengenezwa na yule aliyeamuru vita, na watu hawakuona tofauti mara moja. Lavigerie mwenyewe alikuwa na wazo la kuanzisha ufalme wa kikristu katikati ya Afrika, wenye mlinzi mwenye silaha.

Mlinzi huyo akaja. Aliitwa Léopold Joubert, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1842 na kutumika ujana wake katika jeshi la Baba Mtakatifu huko Roma. Alifika Mpala katika mwezi wa Machi 1887. Akafundisha askari, akahukumu mashauri, akajenga kijiji chake cha Saint-Louis katika nchi ya Mrumbi. Miaka ile ilikuwa mibaya. Watu wa Rumaliza, mwenye nguvu wa Ujiji, walishambulia vijiji vya pwani, wakachukua wanaume, wanawake na watoto, wakawavusha ziwa kwenda kuuzwa. Joubert aliwapinga mara nyingi kwa watu wachache na baruti kidogo, mpaka msaada ulipotoka Ulaya pamoja na Kapiteni Jacques mwishoni mwa mwaka wa 1891, na vita ile ikaisha katika mwaka wa 1894. Tofauti na wengine, Joubert hakurudi kwao. Mwaka wa 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi, kwa ndoa ya kanisa. Mwaka wa 1910 alihamia Misembe karibu na Baudouinville, na hapo alikufa tarehe 27 Mei 1927, mzee wa miaka themanini na mitano. Mgeni aliyekuja kwa kazi ya muda alikaa miaka arobaini.

Sasa fikirini mwanamke mmoja wa siku zile, ametekwa katika kijiji chake, amefungwa kamba shingoni, mtoto wake amebaki njiani. Usiku anakimbia, anafika penye ukuta wa Mpala, na mlango unafunguliwa. Kwake yeye boma lile lilikuwa nini? Lilikuwa pumziko. Watoto wengi waliokombolewa kwa nguo na ushanga walilelewa pale, wakabatizwa, wakaoana, wakapewa mashamba. Tunajua pia upande wa pili: aliyekombolewa mara nyingi hakuwa na ruhusa ya kuondoka apendavyo, na sheria ya misioni ilikuwa na fimbo. Alitoka katika utumwa, lakini alikuwa bado hajafika katika uhuru. Njia kati ya vile viwili ilikuwa ndefu, na wengi walizikwa njiani.

VII. Mtoto wa Marungu

Jambo la mwisho nililoandika katika daftari ni hili. Mwishoni mwa karne ile, mtoto mmoja wa Marungu alikuja Mpala kusoma. Mwaka wa 1900 alibatizwa, akaitwa Stefano. Jina lake la nyumbani ni Kaoze. Askofu Victor Roelens alikuwa amefungua pale darasa la wavulana waliotaka kuwa mapadri. Wazungu wengi walicheka: mwafrika atawezaje Kilatini na theolojia? Kaoze alisoma miaka kumi na saba. Akiwa bado mwanafunzi, katika mwaka wa 1910, maandiko yake juu ya mawazo na roho ya watu wake yalianza kuchapwa katika jarida la Ubelgiji. Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, Askofu Roelens alimweka mikono, akawa padri wa kwanza mweusi wa Kongo ya Wabelgiji. Alikufa mwaka wa 1951, kabla ya kuiona siku ya uhuru ya tarehe 30 Juni 1960.

Angalieni mahali alipoanza: pale pale Mpala, mahali ambapo kichwa cha Lusinga kililetwa miaka kumi na sita tu kabla ya ubatizo wake. Na kalamu yake ilifanya nini? Iliandika habari za Wabantu, mawazo yao, hekima yao na desturi zao. Mmoja alikusanya kichwa cha mwafrika katika sanduku ili kipimwe. Mwingine, mtoto wa nchi ile ile, aliwaonyesha walimwengu mambo yaliyomo ndani ya kichwa cha mwafrika. Mimi sijui jibu bora kuliko hilo.

VIII. Jibu langu

Nilirudi Kirungu kwa njia ile ile. Nilipita tena kwa yule mama mzee, nikampelekea ndakala. Akasema: «Kumbe umerudi!» kana kwamba mimi ni mtoto wake. Sikuwa na haraka. Msafiri aliyepumzika vema hupanda mlima mmoja mmoja, hahesabu yote kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata niliwaita vijana wangu. Nilimwomba yule kijana asimame, nikamwomba radhi mbele ya wenzake kwa sababu nilimketisha. Nikawaambia: «Ni kweli. Hilo lilifanyika. Lusinga alikuwa mtu, aliumbwa na Mungu, na haifai kichwa cha mtu kukaa katika sanduku la nchi ya kigeni. Tumwombee, na tuwaombee wale waliouzwa naye.» Kisha nikawasimulia yote, kama nilivyowasimulia ninyi. Wala sikuficha jambo jema kwa ajili ya lile baya, wala baya kwa ajili ya jema.

Mmoja akauliza: «Sasa, mwalimu, tuwasifu Wapadri au tuwalaumu?» Nikamjibu: «Mtoto mwenye akili akirithi nyumba hapotezi siku zake zote akimsifu au kumlaumu babu. Anatazama ukuta ulio mzima, anatazama ukuta wenye ufa, kisha anachanganya udongo.» Imani tuliyoipokea Mpala ni yetu sasa. Ufa nao ni wetu. Hakuna mtu mwingine wa kuuziba.

Wasomaji wapenzi, nirudi kwenye mithali yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa naona kwamba mithali hiyo si habari ya mambo yanayotokea yenyewe. Ni agizo kwa mgeni. Sultani Mpala alifungua mlango, na jirani zake hawakupona. Mwanamke mwenye kamba shingoni aligonga mlango, akapona. Neno lililotenganisha siku zile mbili lilikuwa moja: mwenye boma aliutumia ukuta wake kwa faida ya nani?

Siku hizi wageni bado wanapita katika nchi yetu. Kuna wanaokimbia vita, kuna waliotolewa nyumbani na maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka hii ya karibu, kuna wafanya biashara, kuna vijana wanaotafuta dhahabu. Bwana wetu hatatuuliza kama tulikuwa na boma. Atatuuliza kama mgeni alipata maji. Katika safari yangu yote, aliyejibu swali hilo vizuri kupita wote ni mama mzee mwenye nyumba tatu na jiko moja, ambaye alinipa viazi kwanza, na jina langu akaliuliza baadaye.